Mashini Bila Silabusi ni Sanduku Tu

Maneno yaliyotolewa mbele ya mkutano mkuu wa wanachama, na memba wetu anayefanya kazi ya mashinani katika shirika lisilo la serikali. Ameyaandika upya kwa ajili ya gazeti letu.



Papa Prezida amenipa dakika ishirini, na ninyi mnamjua, dakika ya ishirini na moja atasimama. Kwa hiyo naingia moja kwa moja. Nimeombwa niseme juu ya vifaa vinavyosaidia vijana wetu wenye ulemavu waliofika kwenye masomo ya juu, kwenye institi na universite. Najua wengine mnajiuliza moyoni, "Hilo ni jambo la watu wangapi?" Nitajibu mbele. Lakini nianze na kosa langu mimi mwenyewe. Nisipoanza nalo, yote yatakuwa hotuba ya mtu wa ONG, na zile mmezisikia za kutosha tangu Lugufu.

Kati yetu kuna binti mmoja. Amenipa ruhusa niseme habari zake, ila jina nisilitaje, ijapokuwa wengi mtamtambua. Macho yake yaliharibika kwa surua akiwa mtoto kule kambini Nyarugusu. Familia iliporudi huku Fizi, alisoma sekondari kwa masikio. Mdogo wake alikaa naye benchi moja, anamnong'oneza yaliyo ubaoni, na jioni anamsomea daftari. Hivyo hivyo mpaka akapata diploma ya Leta. Ile siku wengi mlikuwepo, mlikunywa soda kwa mama yake.

Akaandikishwa institi. Mwaka uleule mdogo wake akaenda Misisi kwenye dhahabu, kwa sababu minervali ya watoto wawili haikuwezekana. Binti akabaki bila mtu wa kumsomea.

Sasa sisi tukaja. Shirika ninakofanya kazi lilikuwa na mradi, tukamletea kompyuta ndogo yenye programu inayosoma kwa sauti yale yaliyo kwenye skrini. Mimi ndiye niliyemshikisha kartoni mkononi. Tukapiga picha. Kwenye ripoti nikaandika: mwanafunzi mmoja asiyeona amewezeshwa. Nikatia sahihi, nikaendelea na kazi nyingine.

Baada ya miezi minne nikapita kwao kusalimia. Mama yake akaniambia, "Mwanangu, ile mashini iko mu kartoni yake, chini ya kitanda. Tunaogopa wezi." Nikamgeukia binti, nikamwuliza kwa nini haitumii. Nilikuwa hata na hasira kidogo. Akanijibu kwa upole, "Yaya, uliniletea mashini ya kusoma. Sasa isome nini? Silabusi zangu zote ni makaratasi."

Wandugu, nimesoma universite, nimehudhuria mafunzo mengi yenye chai na vyeti, na hilo neno sikuwa nimelifikiria. Hayo ndiyo nimekuja kuyasema leo. Kifaa ni sehemu moja tu ya msaada, na mara nyingi ni sehemu iliyo rahisi kuliko zote. Zile sehemu nyingine ziko mikononi mwa watu, na wengi wa watu hao mko hapa ndani.

Vifaa ni nini hasa?

Tusiogope neno. Fimbo ya mzee ni kifaa saidizi. Miwani ni kifaa saidizi. Kinga ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono, ile ambayo ndugu zetu wa Goma wanapitishia mizigo mpakani, ni kifaa saidizi. Ni kitu chochote kinachomwezesha mtu kufanya kazi ambayo mwili wake peke yake haufanyi, au unaifanya kwa shida.

Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa ripoti pamoja. Walisema watu zaidi ya bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa kimoja cha namna hii, na kwamba katika baadhi ya nchi maskini, kati ya watu mia wanaohitaji, wanaokipata wanaweza kuwa watatu tu. Hao tisini na saba wengine wanaendeleaje? Wanaendelea kama binti yetu alivyoendelea, kwa mgongo wa ndugu. Ndugu akiondoka, masomo yanaondoka.

Simu kwanza

Tulipoanza upya na binti, hatukuanza na kompyuta. Tulianza na simu. Sababu ni ya kawaida kabisa: umeme. Simu unaichaji kwa paneli ndogo ya jua, au unaipeleka pale kwa vijana wanaochaji simu. Kompyuta inataka umeme mwingi zaidi na vyombo vingi zaidi.

Wengi hamjui kwamba simu nyingi za Android mlizonazo mifukoni zina ndani yake programu inayoitwa TalkBack. Hainunuliwi. Ingia kwenye Paramètres, tafuta neno Accessibilité, utaikuta. Ukiiwasha, simu inabadilika tabia. Ukigusa kitu mara moja, haikifungui, inakitaja jina kwa sauti. Ukigonga mara mbili ndipo inafungua. Ukitaka kupandisha au kushusha ukurasa, unatumia vidole viwili. Nawaonya vijana: msiiwashe kwa mchezo kabla ya kujua namna ya kuizima, mtanitafuta usiku.

Binti alihitaji wiki mbili kuzoea. Wiki ya kwanza alilia, nasema kweli. Wiki ya pili alituma ujumbe wake wa kwanza mwenyewe, bila kumwambia mtu amwandikie. Alimtumia mdogo wake kule Misisi. Hakutuambia aliandika nini, na hatukuuliza. Mtu anayesomewa barua zake zote hana siri, na hiyo nayo ni faida ya kifaa ambayo sisi tunaoona hatuihesabu.

Kompyuta ilipotoka kwenye kartoni

Halafu tukarudi kwenye kompyuta. Programu iliyomo inaitwa NVDA. Historia yake ni fupi na inafaa kujulikana. Programu za kusoma skrini zilikuwapo tangu zamani, lakini zilikuwa za bei kubwa, mara nyingine kupita bei ya kompyuta yenyewe. Mwaka 2006 kijana mmoja wa Australia, Michael Curran, ambaye haoni, akaanza kutengeneza ya bure. Akaungana na mwenzake James Teh, ambaye naye haoni. Mpaka leo inatolewa bure. Haihitaji intaneti ili isome. Unaweza kuiweka kwenye flashi, ukaichomeka kwenye kompyuta yoyote ya Windows kule institi, ikaanza kusema, bila kuiingiza ndani ya mashini ya watu. Ina sauti ya Kifaransa, na hata ya Kiswahili. Sauti yenyewe ni ya bati kidogo, kama redio yenye betri za kwisha, lakini sikio linazoea.

Kosa langu la pili liko hapa. Tulikuwa tumemletea mashini imewekwa kwenye Kiingereza, na sauti inakimbia mbio. Binti alifikiri imeharibika. Kubadilisha lugha na kupunguza mwendo ni kazi ya dakika tano. Lakini dakika hizo tano hakuna aliyempa.

Na kuandika? Hapo alitufundisha yeye. Nilidhani itabidi tubandike alama kwenye kila herufi. Akapitisha vidole juu ya vibonye akasema, "Hapa kuna kitu kinachonigusa." Kweli, tazameni kompyuta yoyote: kwenye herufi F na herufi J kuna kijistari kidogo kilichoinuka. Vidole vya shahada vinakaa hapo, vingine vinajua mahali pake. Mwandishi mzuri wa mashini, hata anayeona, hatazami vidole vyake. Binti leo anaandika haraka kuliko mimi.

Wazee wataniuliza, na yale maandishi ya vidole? Nukta nundu, ndiyo. Tusiyadharau. Yalitungwa na Mfaransa, Louis Braille, aliyezaliwa mwaka 1809, akapoteza macho baada ya kuumia akiwa na miaka mitatu kwenye karakana ya baba yake, na alipofika miaka kumi na mitano alikuwa tayari amepata mfumo wake wa nukta sita. Kibao chake na sindano yake ya kutobolea havihitaji umeme wala intaneti. Na kuna masomo, kama vile hesabu na takwimu, ambapo sauti peke yake inakuchanganya, kwa sababu mtu anahitaji kushika fomula kwa vidole, arudi nyuma, aende mbele. Mwenye watoto wadogo wasioona, atafute wajifunze mapema. Simu na kompyuta havikatazi nukta nundu, vinasaidiana.

Faili iko kwa nani?

Sasa tufike kwenye lile jibu la binti: isome nini?

Kwa wale ambao hawajui, silabusi ni kitabu cha somo ambacho mwalimu wa institi anakiandika na wanafunzi wanakinunua. Kinatolewa fotokopi. Fotokopi ya fotokopi ya fotokopi. Kuna programu za simu zinazoweza kupiga picha karatasi na kuisoma kwa sauti. Tumezijaribu. Kwenye karatasi safi zinasoma vizuri. Kwenye silabusi zetu, zenye maandishi yaliyofifia, mistari imepinda na meza za tarakimu, zinatoa maneno ambayo si Kifaransa wala Kibembe.

Dawa ni kupata ile faili yenyewe ambayo silabusi ilichapwa kwayo. Na iwe faili ya maandishi, isiwe picha. Kijana wa kazi hii akiletewa faili afanye jaribio dogo: aweke mshale juu ya neno moja, agonge mara mbili. Kama lile neno peke yake linashika rangi, hayo ni maandishi, mashini itayasoma. Kama neno halishikiki, au ukurasa mzima unashikika kama kipande kimoja, hiyo ni picha ya maandishi, na kwa programu ya sauti ni kama ukuta.

Nikaenda kwa walimu, mmoja mmoja. Sitataja institi wala jina. Wawili walitoa faili palepale, kwenye flashi, na mmoja akaniuliza kwa nini hakuna aliyemwambia tangu mwanzo wa mwaka. Wa tatu alikataa, na alisema wazi: "Ndugu, nikikupa faili leo, kesho Baraka nzima iko nayo. Na mimi mshahara wangu unaujua." Wandugu, msimcheke. Mnajua walimu wetu wanaishi vipi. Silabusi ni ugali wa nyumbani kwake. Ningemjibu kwa sheria tu, angekuwa na haki ya kuniona mtu wa mbali.

Tulichofanya ni hiki. Binti alilipa silabusi bei ileile ya wenzake, hata senti moja haikupunguzwa. Akaandika barua kwamba faili ni ya masomo yake tu, hataitoa kwa mtu. Chama kikatia sahihi pembeni kama shahidi, Papa Prezida anakumbuka. Mwalimu akakubali.

Wa nne ndiye aliyetushangaza. Alisema, "Ningekupa kwa moyo wote, lakini sina." Silabusi yake ilichapwa miaka mingi nyuma kwa yule kijana wa sekretaria, pale sokoni, na faili ilibaki kwenye mashini ya sekretaria. Nikaenda. Mashini ilikuwa imeliwa na virusi. Hakuna faili popote. Somo lile binti alilifeli kikao cha kwanza, akalifeli na kikao cha pili. Si kwa sababu hana akili. Ni kwa sababu kitabu chake hakikuwepo.

Kwa hiyo mwenye sekretaria aliyemo humu, na najua wako wawili, nawaomba kitu kimoja: msifute silabusi za watu. Wekeni nakala kwenye flashi ya pili. Mwalimu akiruhusu, mwanafunzi wetu akija, mpeni.

Wengine tusiwasahau

Nimesema sana juu ya asiyeona kwa sababu ndiye niliyetembea naye. Lakini kila ulemavu una chake, na kumpa mmoja kifaa cha mwingine ni kupoteza pesa.

Kijana mwenye ualbino, au mwingine anayeona kidogo, hahitaji programu ya sauti kwanza. Anahitaji kukaa mbele, anahitaji karatasi ya mtihani yenye herufi kubwa, za ukubwa wa 18 hivi, na mwalimu amruhusu kupiga picha ubao kwa simu, halafu aikuze kwa vidole viwili. Kinachogharimu hapo ni ruhusa tu.

Kijana kiziwi anahitaji lugha ya ishara kama anaijua, na daftari la mwenzake anayeandika vizuri. Lugha ya ishara inayotumika katika nchi nyingi za Afrika zinazosema Kifaransa, hata hapa kwetu Kongo, ilienea kwa kazi ya mtu mmoja, Andrew Foster, Mmarekani mweusi ambaye naye alikuwa kiziwi. Alianza na shule Ghana mwaka 1957, akaendelea nchi kwa nchi, na akafa mwaka 1987 katika ajali ya ndege Rwanda. Siku hizi kuna pia programu za simu zinazosikiliza Kifaransa na kukigeuza maandishi palepale. Zinasaidia, ila mara nyingi zinataka intaneti nzuri, na simu lazima ilale karibu na mdomo wa mwalimu, si kwenye benchi la nyuma.

Kijana anayetembea kwa kinga ya mikono au kwa magongo anahitaji kwanza mlango. Kama ukumbi wa mtihani uko juu ya ngazi, kumletea kiti cha magurudumu kutoka ng'ambo hakumpandishi. Waombeni walimu wahamishe mtihani chini. Au jengeni njia ya mteremko. Kanuni inayotumika sana ni moja kwa kumi na mbili: ngazi ikiwa na sentimita 15, mteremko uwe na sentimita 180. Mafundi wa mbao na saruji mko hapa, hesabu hiyo haiwashindi. Na kinga yenyewe itengenezwe kwa vyuma na matairi yanayopatikana sokoni kwetu. Nimeona viti vizuri sana vya msaada vimelala kwa sababu ya tairi moja ambalo halipatikani hata Uvira.

Sheria inasema nini?

Kwa kifupi. Katiba yetu ya 2006, kifungu cha 49, inasema mtu mwenye ulemavu ana haki ya hatua maalumu za ulinzi kulingana na mahitaji yake. Kongo iliingia kwenye Mkataba wa Umoja wa Mataifa juu ya haki za watu wenye ulemavu mwaka 2015. Kifungu cha 24 cha mkataba huo kinataja masomo ya juu waziwazi: serikali ihakikishe wanayafikia bila ubaguzi, na marekebisho yanayofaa yafanywe kwa ajili yao. Na tangu tarehe 3 Mei 2022 tuko na sheria yetu wenyewe, namba 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za watu wanaoishi na ulemavu.

Kwa hiyo binti anapoomba muda wa ziada kwenye mtihani, au aandike majibu kwa kompyuta, au ajibu kwa mdomo, haombi sadaka. Lakini niseme kama mtu wa mashinani: sheria tuliiweka mfukoni, tukaingia kwa salamu. Tulikaa na mkuu wa idara, tukaandika ukurasa mmoja: masomo gani, mtihani utafanyika vipi, nani ataleta flashi, nani ataipokea. Ukurasa ule umefanya kazi kuliko makongamano yote niliyohudhuria. Mwalimu akibadilishwa, karatasi inabaki.

Tufanye nini sisi?

Nilisema nitajibu ni watu wangapi. Jibu langu ni kwamba hatujajihesabu, na tusipojihesabu tutaendelea kusema ni mmoja tu. Kwenye kambi tulihesabiwa kila mara, kwa sababu ya chakula. Tuliporudi, tuliowaficha ndani tuliendelea kuwaficha. Kuna nyumba humu zenye kijana ambaye angekuwa institi leo, na jirani hajui kama yupo.

Ninaomba mkutano ufikirie mambo manne.

La kwanza, kila kundi la likelemba lihesabu vijana wenye ulemavu walio sekondari ya juu na walio masomo ya juu, kwa ruhusa ya familia na ya kijana mwenyewe. Tuanze na walio mwaka wa sita, kabla hawajamaliza, si baada ya kukwama.

La pili, sehemu ya mfuko wa chama itengwe kwa vifaa, na vifaa viwe vya chama. Kijana anaazimwa mpaka amalize masomo, halafu kinapita kwa mwingine. Simu nzuri, vipokea sauti vya masikio, paneli ndogo. Hiyo ndiyo orodha ya kuanzia. Kompyuta ifuate. Na kabla ya kununua, aulizwe kijana mwenyewe. Mimi sikumwuliza, mmeona matokeo.

La tatu halina gharama. Vijana mnaosoma vizuri Kifaransa, tunawaomba sauti zenu. Silabusi isiyo na faili inaweza kusomwa na kurekodiwa kwenye simu. Vijana kumi, kila mmoja sura moja, silabusi nzima inakwisha kwa Jumapili mbili. Msome pole pole, mtaje namba ya ukurasa, na mkifika kwenye mchoro mweleze unaonyesha nini, msiuruke. Mwenye silabusi atunze sauti zile kwa ahadi ileile ya barua.

La nne, chama kiandike barua kwa institi zetu, kwa heshima, kuomba ule ukurasa mmoja kwa kila mwanafunzi wetu mwanzoni mwa mwaka, si wiki ya mitihani.

Namalizia. Lile somo ambalo faili yake ililiwa na virusi, binti analibeba tena mwaka huu, na mtihani uko karibu. Silabusi ina kurasa 112. Nimekuja nayo, iko pale mezani karibu na daftari la mahudhurio. Nimeikata sura sura, ziko tisa, kila moja kwenye bahasha yake. Mwalimu ametoa ruhusa kwa maandishi. Ninatafuta wasomaji tisa.

Mdogo wake alinipigia simu wiki jana kutoka Misisi. Alisikia habari, sijui kwa nani. Ameomba sura ya tatu ipigwe picha atumiwe, ataisoma usiku akitoka shimoni. Kwa hiyo zimebaki nane.

Papa Prezida, nadhani dakika moja imebaki.